Bodi Nyingi Huuawa Mezani kwa Fundi



Kuna hukumu moja ambayo karibu kila aliyewahi kupeleka redio, televisheni au amplifaya kwa fundi ameisikia. Unarudi baada ya wiki, fundi anafuta mikono, anakutazama kwa huruma, kisha anasema: "Bodi imekufa, mzee. Tafuta nyingine." Unalipa hela ya kuangalia, unabeba mzigo wako, unaondoka. Leo nataka kuipinga hukumu hiyo, maana mara nyingi ni kweli nusu tu. Bodi ililetwa ikiwa na chipu moja mbovu, au kapasita moja iliyovimba. Ilikuwa na ugonjwa wa kupona. Iliuawa pale pale mezani, katika dakika chache ambazo kile kifaa kibovu kilikuwa kinang'olewa.

Kulehemu kila mtu anakusifia. Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utaonyeshwa vijana wenye mkono mtulivu, lehemu yao inang'aa utadhani imetoka kiwandani leo asubuhi. Wanastahili sifa zao. Lakini kuweka ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kwenye bodi, kutoa ni joto, na joto hilo lazima lifike mahali pale pale na wakati ule ule inapovutwa hewa. Kwa hiyo mazungumzo yangu ya leo yanahusu chombo kimoja ambacho huku kwetu bado ni mafundi wachache walionacho: bastola ya kunyonya lehemu.

Kabla ya bastola, tuitazame bodi yenyewe, maana asiyeijua bodi hawezi kuelewa kwa nini inakufa.

Zamani redio iliungwa kwa nyaya, waya mmoja mmoja, kwa mkono. Alikuwa Paul Eisler, Mwaustria mzaliwa wa Vienna aliyehamia London mwaka 1936, aliyeshika wazo la kuzichapa njia za umeme kwa shaba juu ya bamba badala ya kuvuta nyaya. Na kitu alichokitengeneza kuonyesha wazo lake kilikuwa redio. Nalisema hilo hewani kwa furaha kidogo. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, Wamarekani wakalichukua wazo hilo wakalitia ndani ya fyuzi za makombora ya kutungulia ndege, na baada ya vita likaenea kila mahali.

Bodi za mwanzo zilikuwa na shaba upande mmoja tu. Mpaka leo redio nyingi za bei nafuu zina bodi za namna hiyo, zile za rangi ya kahawia, zilizotengenezwa kwa karatasi iliyoloweshwa gundi na kukaushwa. Hizo hazina ujanja. Mguu wa kifaa unatokeza upande wa chini, unalehemiwa upande huo huo, basi. Ukiyeyusha lehemu na kuifuta, mguu uko huru. Hatari yake ni moja: gundi inayoshikilia shaba ni dhaifu, ukikaza joto kwa muda mrefu kile kiduara cha shaba kinachouzunguka mguu kinabanduka na kuja na chuma chako cha kulehemu.

Kisha zikaja bodi zenye shaba pande zote mbili, zilizotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu. Nyingi ni za kijani, unene wake kwa kawaida milimita 1.6. Hapa mambo yanabadilika. Ili njia ya juu ikutane na njia ya chini, kiwanda kinatia bitana ya shaba ndani ya kila tundu. Bitana hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Unapolehemu, lehemu haibaki chini. Inapanda ndani ya tundu, inajaza nafasi yote kuuzunguka mguu, na kutokeza upande wa pili. Kwa mtengenezaji hiyo ni neema, kiungo kimekaza. Kwa fundi atakayekuja miaka 30 baadaye ni msiba, kwa sababu ili mguu utoke, lehemu yote, kuanzia chini hadi juu, lazima iwe imeyeyuka au imeondoka.

Na hivi ndivyo bodi inavyouawa. Fundi anayeyusha chini, anaona lehemu inang'aa, anavuta. Juu bado imeganda. Mguu unatoka, lakini unatoka na bitana yake. Ukitazama kwa macho huoni kitu. Tundu lipo, kiduara cha chini kipo. Anaweka chipu mpya, analehemu vizuri kabisa, anawasha, kimya. Njia ya juu haikutani tena na ya chini. Chipu ni nzima, lehemu ni safi, umeme unafika, na chombo hakifanyi kazi. Fundi anakuna kichwa, anajaribu chipu ya pili, anachoka. Hapo ndipo inapotamkwa ile hukumu niliyoanza nayo.

Nitoe mfano wa kompyuta moja, kwa sababu wanaoikarabati duniani ni wengi na maradhi yake yanajulikana kama ya homa ya msimu. Ni Commodore 64, ya Marekani, iliyotoka mwaka 1982. Ilipata jina lake kwa kuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu, kitu cha kujivunia wakati ule. Ziliuzwa mamilioni, na hadi leo Ulaya na Marekani kuna watu wanaozinunua zikiwa mbovu, wanazifufua, na watoto wao wanacheza michezo ambayo baba zao waliicheza.

Katika bodi zake za mwanzo, kumbukumbu hiyo iligawanywa katika chipu 8, kila moja ina miguu 16. Chipu moja tu ikifa, kompyuta inaweza kuwaka na kuonyesha skrini tupu, bila hata herufi. Sasa piga hesabu ya fundi mwenye haraka. Hajui ni ipi kati ya zile 8, anaamua kuzing'oa zote. Miguu 128. Matundu 128 yenye bitana nyembamba kuliko unywele, na bodi imekaa zaidi ya miaka 40. Hata akiwa hodari kiasi cha kuharibu tundu moja tu katika kila 50, mwishoni atakuwa ameongeza maradhi mawili juu ya lile moja lililoletwa.

Mafundi wetu wana mbinu zao, na sizidharau, maana zimezaliwa na uhaba. Kuna ile ya kupasha halafu kugonga bodi ukingoni mwa meza, lehemu inaruka chini kama matone. Inafanya kazi. Lakini lehemu hiyo inarukia pia kwenye miguu ya chipu jirani, machoni mwa fundi, na mguuni mwa mtoto anayetazama. Kuna ile ya kuchuna kebo ya antena, kuchukua nyuzi zake za shaba zilizosukwa, kuzipaka flaksi, ile dawa inayoisaidia lehemu kushika, na kuzitumia kama utambi wa kunyonyea lehemu. Hii ni mbinu nzuri kweli, na utambi unaouzwa dukani ni kitu hicho hicho kilichotengenezwa kwa usafi zaidi. Tatizo ni kwamba kebo nyingi za siku hizi za bei ya chini zina nyuzi za aluminiamu, na lehemu ya kawaida haishiki aluminiamu hata ukiibembeleza.

Halafu kuna pampu ya mkono, lile bomba lenye springi. Unaikandamiza, unaifyatua, inavuta mara moja. Kila fundi anayo, na kwa bodi ya upande mmoja sioni sababu ya kutafuta kingine. Udhaifu wake uko kwenye zamu. Chuma cha moto kipo kwenye lehemu, unakiondoa, unaleta pampu, unafyatua. Katika ile nusu sekunde ya kubadilishana, lehemu iliyo ndani ya tundu imeanza kuganda. Pampu inavuta ya juu juu, ya ndani inabaki. Unarudia. Kila ukirudia, joto linakula gundi ya shaba.

Bastola ya kunyonya inaondoa zamu hiyo. Pua yake ni ya chuma, ina moto kama chuma cha kulehemu, lakini katikati ina tundu. Unaiweka pua juu ya mguu, mguu unaingia ndani ya tundu la pua, lehemu inayeyuka kuuzunguka. Ukibonyeza kifyatuo, pampu ya umeme inavuta hewa kupitia pua hiyo hiyo, bila kuondoa moto. Lehemu inapanda kama maji ya dafu kwenye mrija, inaingia kwenye chemba nyuma ya pua na kugandia humo, na chujio linazuia mabaki yasifike kwenye pampu. Moto na mvuto viko sehemu moja, wakati mmoja. Hakuna siri nyingine.

Ziko za namna mbili. Kuna zile zinazokaa kwenye stesheni: pampu iko ndani ya kisanduku mezani, na mpira mrefu unaunganisha kisanduku na mpini. Na kuna zile zinazobeba kila kitu ndani ya mpini, pampu na yote, kama FR-301 ya kampuni ya Hakko ya Osaka, Japani. Hii ya pili ndiyo inayotajwa sana na wanaokarabati kompyuta za zamani. Stesheni za Kichina ni nafuu zaidi na zinafanya kazi, ila moyo wa chombo hiki ni nguvu ya pampu na uwezo wa pua kurudisha joto lililoibwa na bodi, na hapo ndipo bei inapoanza kujieleza.

Sasa namna ya kuitumia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiinunua kwa pesa nyingi, wakaharibu bodi nayo, wakasema chombo ni kibaya.

Jambo la kwanza litawashangaza: kabla ya kutoa lehemu, ongeza lehemu. Naam, ongeza. Lehemu iliyokaa miaka 40 imechuja, uso wake umepata kutu, flaksi yake iliishia kiwandani. Ukigusisha pua ya moto hapo, joto haliingii. Ukiyeyusha juu yake lehemu mpya kidogo, ile mpya inaleta flaksi, inajaza mapengo, inapeleka joto hadi ndani ya tundu. Kwenye bodi za karibuni kuna sababu ya ziada. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vyombo vingi vya umeme, na kwa kuwa viwanda havitengenezi bidhaa moja ya Ulaya na nyingine ya Tandika huku kwetu, lehemu isiyo na risasi imeingia hata ndani ya televisheni zetu. Lehemu ya zamani ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi. Ile isiyo na risasi inataka karibu nyuzi 217 au zaidi. Ukichanganya ya zamani ndani ya mpya, kiwango kinashuka, na kazi inakuwa laini.

Mtauliza: kama inayeyuka kwenye 183, mbona watu wanaweka bastola kwenye 350 au hata 400? Kwa sababu bodi ni mwizi wa joto. Shaba pana inalisambaza joto kwa kasi. Ukija na moto mdogo utakaa hapo sekunde nyingi, na kinachobandua shaba zaidi ni zile sekunde. Afadhali joto la kutosha kwa muda mfupi.

Pili, usikandamize. Pua inatakiwa iguse lehemu na mguu, isisage kile kiduara cha shaba. Chagua pua yenye tundu kubwa kidogo kuliko mguu. Zinapatikana za milimita 0.8, 1.0, 1.3 na kuendelea.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: usikimbilie kifyatuo. Subiri. Tikisa mguu polepole kwa pua, uzungushe. Ukiona mguu unacheza, na ukiweza kutazama upande wa juu ukaona lehemu ya huko nayo imeng'aa, ndipo ubonyeze. Endelea kuuzungusha mguu wakati pampu inavuta. Hewa inayopita ndani ya tundu inaupoza mguu, na kwa kuwa unacheza, haupati nafasi ya kuganda ukutani. Nyanyua, acha pampu ivute sekunde moja zaidi hewani ili koo lake lisibaki na lehemu, ndipo uachie.

Mguu uliobaki umeganda upande mmoja usiunyonye tena mkavu. Hapo lehemu imebaki kidogo mno, haiwezi kubeba joto. Jaza tundu upya kwa lehemu, anza mwanzo. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini ndiyo njia fupi. Na miguu iliyoungwa na shaba pana, yaani ya umeme na ya ardhi, ipe muda zaidi ya mingine. Kwenye zile chipu za kumbukumbu za Commodore ni mguu wa 8 na wa 16, na aghalabu ndiyo miwili inayong'ang'ania wakati mingine 14 imeshaachia.

Ukimaliza safu nzima, chukua kibanio, gusa kila mguu. Kila mmoja utoe kale kamlio ka kuachia, ucheze ndani ya tundu lake. Chipu nzima itatoka kwa kunyanyuliwa na vidole viwili. Ikikataa, usilete bisibisi. Kuna mguu umekudanganya.

Lakini, wasikilizaji, bastola isikupe kiburi cha kung'oa ovyo. Fundi mwenye chombo kizuri hushawishika kukitumia mahali ambapo hakihitajiki. Rudi kwenye ile Commodore yenye skrini tupu. Kitu cha kwanza cha kupima hakipo kwenye bodi kabisa; ni adapta. Adapta yake ya asili imezibwa kwa gundi ngumu ndani, haifunguki kwa heri, na ikizeeka kidhibiti chake cha volti 5 huharibika na kuanza kutoa volti zaidi. Zile chipu zimeundwa kwa volti kati ya 4.5 na 5.5. Ukibadilisha chipu zote 8 kwa ustadi mkubwa kisha ukachomeka adapta ile ile, umezipeleka mpya zikafie zilikofia za zamani.

Ukisharidhika na adapta, tafuta ushahidi. Chipu yenye joto kali kuliko dada zake ni mtuhumiwa. Kuna mbinu ya kubebesha: unachukua chipu nzima ya aina ile ile, unaipanda juu ya mgongo wa ile unayoishuku, miguu kwa miguu, unawasha. Skrini ikibadilika, umempata. Haifaulu kila mara, hasa kama chipu iliyokufa imejifunga njia, lakini haina gharama wala haichomi kitu. Commodore wenyewe walikuwa na katriji ya uchunguzi ambayo inaimulika skrini mara kadhaa, na idadi ya mimuliko inakutajia ni chipu ipi kati ya zile 8. Baada ya hapo unang'oa moja. Miguu 16 badala ya 128.

Na kama chipu imethibitika kuwa imekufa, mimi nina msimamo ambao baadhi ya mafundi hawaupendi: ikate. Chukua koleo dogo kali, kata miguu yote karibu na mwili wa chipu, mwili utoke, kisha ng'oa mguu mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na usafishe matundu kwa bastola. Mguu mmoja hauna wa kuusaidia kung'ang'ania. Chipu mbovu haina thamani yoyote, na bado kuna watu wanaihifadhi nzima na kupasua bodi. Chipu za kumbukumbu bado zinapatikana kwa bei ndogo. Bodi ya mwaka 1982 ikipasuka, kiwanda kilichoitengeneza hakipo tena cha kukupa nyingine. Kukata hakufai pale tu ambapo chipu yenyewe ni adimu na huenda ni nzima, kama ile ya sauti ya Commodore, 6581, ambayo wanamuziki bado wanaisaka. Hapo bastola inafanya kazi yake yote, na inalipa gharama yake kwa siku moja.

Tundu likishakuwa safi, weka soketi. Anayekuja baada yako hatahitaji moto. Na kabla ya kuweka soketi, chukua mita, gusa njia ya juu na kiduara cha chini kwa kila tundu. Mita isipolia, bitana imeondoka, na dawa yake ni kipande cha waya mwembamba kutoka mguu wa soketi hadi mahali njia inapoelekea. Dakika tano. Bodi iliyohukumiwa kifo inafufuka kwa waya wa urefu wa kidole.

Kuhusu ununuzi nitasema machache. Bastola nzuri ya Kijapani inafika karibu dola 300 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Ni pesa ya kuumiza. Angalia volti: ziko zilizotengenezwa kwa soko la Japani la volti 100 na la Marekani la volti 120, na huku kwetu ukutani kuna 230 au 240. Ukiinunua mitandaoni bila kusoma kibandiko, itawaka mara moja tu. Itunze: chemba imwagwe kabla haijajaa, chujio libadilishwe likishaziba, pua ipitishwe kijiti chake cha kusafishia ikiwa bado ina moto, na kabla ya kuzima ipakwe lehemu mpya isipate kutu. Malalamiko mengi ya kwamba bastola haivuti yanaishia kwenye chujio lililojaa.

Na ijulikane inapoishia. Kwa zile chipu ndogo zinazokaa juu ya bodi bila matundu, kama za ndani ya simu, bastola hii haisaidii. Huko ni kazi ya bloa ya hewa ya moto. Sehemu yake ni bodi zenye matundu: amplifaya, mikisa za muziki na za studio, vidhibiti vya mashine za viwandani, UPS, televisheni za chogo. Vyombo hivyo bado vimejaa Afrika Mashariki, na vingi vimekaa stoo kwa sababu ya chipu moja. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sisemi bastola itamaliza taka hizo. Nasema sehemu fulani ya taka hizo si taka.

Neno kuhusu usalama, kisha nawaachia nafasi. Moshi unaoupumua ni wa flaksi, na ukiupumua kila siku unaweza kukuletea pumu. Weka feni inayovuta moshi pembeni, usiinamie kazi. Risasi haitapaa na moshi kwenye joto hili kwa kiasi cha kutisha, lakini inabaki vidoleni, kwa hiyo osha mikono kabla ya kushika chapati. Vaa miwani. Na chombo kinachotumia umeme wa ukutani moja kwa moja, kama televisheni, kapasita yake kubwa inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Iondolee umeme huo kwanza, uthibitishe kwa mita, ndipo ushike bastola.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi, na kwa mafundi wenye wanafunzi vibarazani. Kwa kawaida kijana anaanza kwa kufundishwa kulehemu, na kung'oa anajifunzia kwenye mali ya mteja. Geuzeni mpangilio huo. Bodi mbovu zimejaa kila karakana, hazina bei. Mpeni kijana bodi kumi za kutupwa, ang'oe kila chipu, kisha mpime kila tundu kwa mita mbele yake. Na kama bei ya bastola inawashinda, changeni watu watano au sita wa kibaraza kimoja, mnunue moja, ikae mahali pamoja. Haitumiki kutwa nzima. Mwenye kazi ya miguu 40 anaichukua, anamaliza, anairudisha.